Nguo za mtoto wa Juni: dola 90, mama mkwe na soko la Kenya

Kisa ni cha familia moja ya Katuba, mjini Lubumbashi, Katanga, Kongo, na kinaanza katikati ya Mei. Mama ana mimba ya miezi minane. Nyumbani kuna mtoto mwingine wa kiume wa miezi 22, mwenye mbio zake, na suruali zake zote zimeishia juu ya kifundo cha mguu. Baba anafanya kazi za mkataba migodini, na siku ya mshahara anaijua mwenye kampuni. Mwezi huo zimepatikana dola 90 za nguo za watoto wote wawili. Nyingine hazitarajiwi kabla ya mwisho wa Juni. Nguo alizovaa mkubwa alipokuwa mchanga zilikwenda kwa wifi aliyejifungua Kolwezi, na kitu ulichokwisha kumpa mzazi huendi kukidai.

Zinunuliwe wapi, basi? Maduka ya katikati ya mji yapo. Soko la Kenya, la mtaa wa Kenya hapohapo mjini, lipo na mitumba yake, la Mzee Laurent-Désiré Kabila vilevile. Kuna akina mama wanaouza kwa WhatsApp, mizigo yao ikitoka Dar es Salaam au Dubai na kuingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kuna fundi wa cherehani hapo barabarani, na jirani anayefuma seti za trikoti. Kila aliyeulizwa alitaja mahali pamoja tu, pale alipozoea mwenyewe.

Mama mkwe alitaka duka. "Mutoto mupya hawezi kuvaa bintu bya batu bengine, mwanangu." Hayakuwa majivuno. Mtoto akizaliwa wageni wanaingia, wanamfunua, wanaangalia alivyovikwa, na bibi ndiye anayesemwa. Yaya, dada mkubwa wa mama huyu, amelea watano kwa mitumba na hakukubali hata kidogo: "Mudogo, mupya ya bei chini njo nailoni. Pamba iko Kenya." Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Mimi naona kitu cha kuchagua kwanza ni nguo: itavaliwa wiki ngapi, katika mwezi gani, itagusa ngozi au itakaa juu ya nyingine. Ukishajua hayo, mahali pa kununua panabaki kuwa jambo dogo. Familia hii ilianza na mahali, na karibu nusu ya pesa ikaondoka kwa njia hiyo.

Boksi la dukani

Dola 22 zilikwenda siku ya kwanza, kwa heshima ya mama mkwe. Kilichonunuliwa ni lile boksi ambalo kila mzazi wa Kongo analijua, lenye dirisha la plastiki mbele na utepe juu yake: kofia, glavu, soksi, kitambaa cha udenda cha shingoni, suruali na blauzi, vyote rangi moja. Muuzaji hakuruhusu lifunguliwe. Ukutani palikuwa na karatasi ya Kifaransa inayosema kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi.

Hapa kuna makosa mawili na hakuna hata moja linalotokana na duka kuwa duka. La kwanza ni kununua usichoweza kukigeuza ndani nje. Nyumbani boksi lilipofunguliwa, blauzi ilionekana kuwa ya nyuzi za plastiki tupu, laini mkononi lakini hainywi jasho, na shingoni ilikuwa na kamba ya kufunga kwa kishada. Kamba shingoni mwa mtoto ni hatari inayojulikana siku nyingi. Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1996 wa kuziondoa kwenye kofia na shingo za nguo za watoto, kwa sababu zilikuwa zinanasa na kuwanyonga. Kwenye nguo mpya za bei nafuu bado zinapatikana tele. Yaya alizivuta akazitupa kabla mtu hajasema neno.

Kosa la pili ni saizi. Boksi lilikuwa la saizi ya kuzaliwa, na vitu vyote sita vilikuwa vya saizi hiyo moja. Mtoto alikuja kuzaliwa na kilo 3.8. Kwa mtoto wa kilo hizo, nguo ya saizi ya kuzaliwa ni ya wiki mbili tatu, basi. Hata hivyo nisingesema dola 22 zilipotea zote. Mama mkwe alipata picha yake, wageni waliona kipya, na ndani ya nyumba kukawa na amani mwezi mzima. Kwenye ukoo hilo nalo lina bei yake. Ila amani hiyo ingeweza kununuliwa kwa kofia moja nzuri na shali mpya, kwa robo ya pesa.

Oda ya simu

Dola 20 nyingine zilitolewa kama arabuni kwa mama mfanyabiashara, kwa ajili ya nguo za mkubwa: suruali mbili na jaketi moja. Picha zilipendeza. Mzigo uliahidiwa wiki mbili, ukakwama njiani, ukafika Juni inaishia. Jaketi lilikuwa na lebo ya 90 na mama alidhani linatosha hadi miaka mitatu, maana mtoto ana miaka miwili kasoro. Halikupita mabegani.

Lebo hizi zinawachanganya watu wengi, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Nguo nyingi za Ulaya na za China huandikwa sentimita za urefu wa mtoto mzima, kichwa hadi kisigino. Kwa Ulaya 56 ni ya mtoto mchanga, 62 ni kama miezi mitatu, 68 miezi sita, 74 kama miezi tisa, 80 na 86 ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, 92 miaka miwili. Wafaransa wanaandika miezi, lakini nyuma ya miezi hiyo kuna sentimita vilevile: miezi 3 ni sentimita 60, miezi 6 ni 67, miezi 12 ni 74. Wamarekani wanaandika miezi kisha T kwa watoto waliokwisha kutembea, 2T, 3T. Mtoto wa miezi 22 mwenye sentimita 86 hawezi kukaa muda mrefu ndani ya 90, na kwa baadhi ya viwanda vinavyokata nguo nyembamba hawezi kuingia kabisa kama amevaa sweta ndani. Umri wa mtoto usiupeleke sokoni. Peleka uzi uliopimwa toka begani hadi kwenye nepi, na mwingine toka kiunoni hadi kisiginoni. Uzi hauna mabishano na muuzaji.

Oda ya simu ina mahali pake, hasa kama mfanyabiashara ni mtu wa mtaa unayemwona kila Jumapili. Kwa nguo ya baridi inayohitajika kesho, haifai. Mtoto mkubwa alilala nusu ya Juni na sweta ya baba iliyokunjwa mikono.

Kalenda na tumbo

Zilibaki dola 48, na hapo yaya akashika usukani. Kabla ya kutoka kwenda Kenya alifanya jambo ambalo lingepaswa kufanywa siku ya kwanza: alihesabu miezi kwa vidole.

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikikatika, baridi ya kiangazi inaingia. Juni na Julai jua la mchana linawaka vizuri, watu wanatembea na shati moja, lakini usiku na alfajiri nyuzi za joto zinaweza kushuka chini ya 10. Septemba na Oktoba ni joto kali na vumbi jekundu kila mahali. Halafu mvua inarudi, hadi Machi au Aprili. Upande mwingine kuna mwili wa mtoto: huzaliwa na kama sentimita 50, na siku anayotimiza mwaka anakaribia 75. Mwaka wa pili mwendo unapungua, anaongeza kama sentimita 12 tu.

Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, mtoto wa Juni anahitaji nguo nzito katika saizi za kwanza tu, hadi miezi mitatu. Nguo zake za miezi 3 hadi 6 zitavaliwa Septemba hadi Novemba, yaani zile nyepesi za mikono mifupi. Za miezi 6 hadi 9 ni za mvua: nyepesi, lakini nyingi, kwa sababu hazikauki. Nguo nzito inarudi kuhitajika kwenye saizi ya mwaka mmoja, Juni nyingine. Sweta nene ya miezi sita, hata ikiuzwa bure, kwa mtoto huyu ni takataka. Mtoto wa Desemba angehitaji kinyume chake kabisa.

Mitumba inatoka nchi ambazo baridi yake iko Desemba, na wanaoweka nguo ndani ya balo (robota la mitumba) hawajui kalenda ya Katanga. Ndiyo maana pale Kenya utakuta ovaroli za theluji za miezi sita, zimejaa pamba ya bandia kama godoro, na wazazi wanazigombea Mei. Ukimvika mtoto hiyo kisha ukamfunga mgongoni kwa kikwembe, anapikwa. Mgongo wa mama ni moto tayari. Kinachobaki nje kwa mtoto anayebebwa mgongoni ni kichwa na miguu kuanzia magotini. Pesa ya baridi iende huko, kwenye kofia inayoshika masikio, suruali ndefu na soksi zinazopanda. Zile pijama zilizofungwa vidole nazo, mtoto akitanuliwa miguu mgongoni, zinavuta vidole kwa nyuma. Yaya alizinunua tatu kwa sababu zilikuwa pamba safi, akazikata nyayo kwa mkasi, akaweka soksi.

Asubuhi ya Kenya

Walifika mapema, saa ambayo balo zinafunguliwa. "Mama, kuya huku! Balo inafunguka sasa!" Waliosimama karibu wanachagua kwanza na wanalipa zaidi, anayekuja saa nane mchana anakuta lundo la bei ya chini lililopitiwa na mikono mia. Kwa nguo za watoto wachanga mimi sioni sababu ya kugombea saa ile ya kwanza. Mtoto wa miezi miwili hachakazi nguo. Hatambai, hapandi ukuta. Nguo nyingi za saizi hizo zimevaliwa wiki chache tu huko zilikotoka, na lundo la mchana bado lina vitu vizuri. Kwa nguo za mtoto anayetembea mambo ni tofauti: magoti yameisha, makalio yameisha, na hapo chaguo la asubuhi lina thamani yake.

Namna yaya alivyoshika bodi moja nyeupe, ile fulana ya mtoto inayofungwa chini kwa vifungo, inafaa kusimuliwa. Aliinua juu ya jua, akaangalia matakoni kama kitambaa kimekonda. Akanyoosha shingo kwa vidole viwili akaiachia: ikirudi mahali pake ananunua, ikibaki imelegea anaitupa, kwa sababu shingo iliyolegea inamteremka mtoto begani usiku. Akavifungua na kuvifunga vifungo vyote vitatu vya chini, kimoja kimoja, akivuta kuona kama chuma kinang'oka. Kifungo kilichong'oka kinaishia mdomoni. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. Kisha akasoma ile lebo ya pembeni. Asilimia 100 pamba inaandikwa 100% coton kwa Kifaransa, na cotton kwa Kiingereza, ingawa si kila lugha ya Ulaya ina neno linalofanana na hilo. Mwisho akainusa.

Harufu ndiyo iliyofanya nyingine ibaki kwa muuzaji. Ilikuwa inanuka nafutalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Wengi wanadhani ni harufu mbaya tu, itaisha. Kwa mtoto mchanga ni zaidi ya harufu. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyoenea sana kwenye nchi za malaria kama yetu na inayowakuta wavulana zaidi. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo au akifunikwa blanketi lililohifadhiwa na nafutalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akawa wa manjano macho na ngozi, na manjano kali ya siku za kwanza inaweza kudhuru ubongo. Kwa nje huwezi kumtambua. Kwa hiyo hakuna nafutalini karibu na mtoto mchanga, iwe nguo ya sokoni au kikwembe cha bibi kilichokaa sandukuni miaka kumi. Hili mama mkwe alilisikia mara moja, akaenda kuangalia sanduku lake mwenyewe.

Walitoka na bodi kumi, pijama zile tatu, suruali nne za mtoto, soksi, na kwa mkubwa sweta mbili na suruali tatu za magoti mazima. Dola 25 zote, zikiwa zimebadilishwa kuwa franka kabla ya kuingia sokoni. Hilo la franka si dogo: noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni haipokelewi, na ukishika dola mkononi bei inapanda mbele ya macho yako. Muuzaji aliongeza kofia moja kama matabisi. Kwa bei ya blauzi moja ya dukani walikuwa wanapata bodi nne au tano.

Jambo jingine ambalo Kenya iliyashinda maduka ni kubadilisha nguo. Muuzaji wa meza ileile, ukimwambia tangu mwanzo kwamba mtoto hajazaliwa na huenda saizi zikakataa, mara nyingi atakubali ubadilishane siku ileile au kesho yake, mradi nguo haijafuliwa na sura yako anaikumbuka. Hakuna karatasi ukutani. Ndiyo sababu ni afadhali kununua kwenye meza mbili tatu kuliko kuzunguka meza ishirini ukiokoa franka mia mbili hapa na pale.

Fundi, jirani na pasi

Dola 8 zilikwenda kwa flaneli na fundi: vipande vya kufunikia, kofia mbili, na nepi za kitambaa za akiba. Hapa mpya ilikuwa na maana, kwa sababu kitambaa cha mita kinagusa ngozi usiku kucha na gharama yake ni ndogo. Jirani alileta seti ya trikoti kama zawadi, nzuri sana, na viatu vyake na glavu zake. Zigeuzwe ndani nje hizo. Uzi uliolegea ndani ya glavu au soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba hadi damu isipite, na mtoto analia usiku mzima bila anayejua kwa nini. Yaya alikata nyuzi zote za ndani, akasema glavu hazina kazi, mtoto aachwe na mikono yake. Juu ya hilo nakubaliana naye.

Vyote vilifuliwa kwa maji ya moto na sabuni, mpya za boksi pamoja na mitumba. Nguo mpya nayo imepita kwenye dawa za kiwandani na mikononi mwa watu. Vikaanikwa kwenye kamba juani, havikutandazwa kwenye majani. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizowekwa chini au kivulini. Funza akianguliwa anaingia kwenye ngozi ya anayeivaa na kuota kama jipu. Pasi ya moto inamaliza mayai, na bibi zetu waliipiga hadi kwenye mishono ya nepi kwa sababu hiyo. Umeme ukikatika, pasi ya makala (makaa) ipo.

Kuhusu mkubwa kuna neno moja ambalo soko halikuambii. Kiangazi mbabula, jiko la makaa, inaingizwa ndani jioni, naye ana miezi 22. Nguo pana ya kulalia, hasa ya nailoni inayoning'inia, ikigusa makala inashika au inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wamarekani wana sheria kwamba nguo ya kulalia ya mtoto mwenye zaidi ya miezi tisa ama iwe ya kitambaa kisichoshika moto kirahisi ama iwe ya kubana mwilini, na kwenye mitumba utaona pijama za pamba zilizobana kwa sababu hiyohiyo. Kati ya pijama pana yenye picha nzuri na ile iliyobana kama soksi, yaya alichukua ya pili bila kujua sheria yoyote. Alishaona mtoto akiungua.

Zilibaki dola 15, na mama alitaka kuzimalizia kwenye saizi za mbele kwa kuwa bei ya Kenya ilikuwa nzuri. Alizuiwa. Kilo 3.8 za mtoto hazikujulikana bado, wala kama ni msichana, wala zawadi zitakazoletwa na wageni, ambao karibu wote huleta nguo za kuzaliwa na hakuna anayeleta za miezi minane. Pesa hiyo ilikaa hadi mwisho wa Agosti, joto linakaribia, na wakati huo watu wote walikuwa bado wananunua sweta. Vifulana vya mikono mifupi vya miezi 3 hadi 6 vilikuwa vimelala kwenye lundo la bei ya chini.

Na lile jaketi la 90? Mfanyabiashara hakurudisha pesa, lakini baada ya maneno mengi alikubali thamani yake ikae kama deni la nguo za mvua. Safari hii mama alimpa sharti: kila picha itumwe nguo ikiwa imelazwa mezani, na futi ya fundi imenyooshwa juu yake.